Unataka kuwa fundi magari? Njia ya kupita kuanzia spana boi (kijana msaidizi wa fundi) mpaka cheti

Wadau habari za saizi. Nimekuwa naulizwa sana na vijana, na wazazi pia, mwanangu kamaliza form four matokeo hayajakaa vizuri ila anapenda magari nimpeleke wapi, au mtu mwenyewe yuko gereji mwaka wa tano huu hana cheti anauliza afanyeje, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niandike yote kwa pamoja. Mimi ni fundi, niko Dar, nilianza kushika spana nikiwa na miaka 17 kwenye gereji ya mtaani kule Ilala, baadae nikapita VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, na mpaka leo kazi hii ndo inanilisha na kusomesha wanangu. Kwaiyo nayoandika hapa ni niliyopitia na ninayoyaona kila siku kwa vijana ninaokaa nao.

Kabla hujaenda popote naomba kitu kimoja kikae kichwani. Kufungua na kufunga bolti unajifunza kwa miezi miwili tu, mwenye mikono yeyote anaweza. Watu watakuita fundi siku utakayoweza kusema gari ina tatizo gani kabla hujatoa hata bolti moja, yani umepima ukajua. Mafundi wengi mtaani wanabahatisha, wanabadilisha hiki ikigoma wanabadilisha kile, na hela inayoungua hapo ni ya mwenye gari.

Ngoja nitoe mfano wa kweli maana bila mfano haya ni maneno tu. Ililetwa Toyota IST, injini aina ya 1NZ, inamisi yani silinda haichomi mafuta vizuri, ukiwa kwenye foleni inatetemeka kama inataka kuzima na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka. Mwenye gari ni mama mmoja anafanya biashara ya vitenge, alishapita gereji nyingine huko, wakambadilishia plagi zote nne, ikagoma, wakamwambia mama injini imechoka hii tafuta injini nyingine. Nikachomeka mashine ya kupimia kwenye soketi ya OBD iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, ikatoa namba P0303. Hizo namba tunaziita kodi, na hiyo maana yake silinda ya tatu inamisi. Sasa hapa ndo fundi na mbahatishaji wanaachana. Kodi inakwambia silinda ya tatu ina shida, haikuambii nunua koili, inaweza kuwa koili inayoipa plagi umeme, plagi yenyewe, nozeli inayonyunyiza mafuta, au hata kompresheni, yani mgandamizo ndani ya silinda, haipo. 1NZ ina koili nne, kila silinda na yake, na kila koili imeshikwa na bolti moja tu ya spana namba 10. Nikatoa koili ya tatu nikaiweka ya kwanza, ya kwanza nikaipeleka ya tatu, nikafuta kodi, tukaingia barabarani mimi na kijana wangu tukazunguka kama dakika 20 hivi. Ikaanza kumisi tena, taa ikawaka, kupima inasema P0301, yani sasa ni silinda ya kwanza. Tatizo limehama na koili! Yani koili yenyewe imejisema. Kama kodi ingebaki P0303 ningehamisha plagi, isipohama tena ndo nageukia nozeli, af mwisho napima kompresheni. Mama akanunua koili moja tu, akaondoka na injini yake ileile mpaka leo anaitumia.

Kile kipimo hakikugharimu hata shilingi. Na hakuna aliyemficha yule fundi wa kwanza, ni vile hakuna aliyemfundisha, kajifunza kwa kuangalia tu mkubwa wake anafanya nini. Ndo maana nasema kama unaanza leo jifunze vizuri toka mwanzo.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Watu wanabishana sana chuo au gereji ipi bora na mimi nimepita zote mbili, msimamo wangu ni kwamba unahitaji zote na ukiwa na uwezo wa kuchagua anza chuo huku likizo na wikiendi uko gereji. Anayetoka chuo tu anajua pistoni inafanya mipigo minne, anaweza kuichora vizuri kabisa, ila mpe boljointi, kile kiungo cha miguu ya mbele, iliyoganda kwenye Noah atakaa nayo kutwa. Anayetoka mtaani tu anaitoa kwa nyundo mbili dakika tano, ila muulize kwa nini gari inakula mafuta atakujibu sensa, sensa ipi, hajui.

Chuo kinachofahamika zaidi kwa Tanzania ni VETA, imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina vituo karibu kila mkoa, kwa Dar wengi wanakijua cha Chang'ombe. Fani zinazohusu magari zipo tofauti, kuna ufundi wa magari wenyewe yani injini, gia boksi, breki na miguu, kuna umeme wa magari, na kuna bodi, kunyoosha na kupiga rangi. Angalia kituo unachotaka kina fani gani maana havilingani. Mafunzo yanaenda kwa ngazi, ya kwanza ya pili na ya tatu, kila ngazi karibu mwaka, ukimaliza unapata cheti cha taifa cha ufundi stadi, NVA, cha ngazi hiyo. Wazee wetu walikuwa na gredi, ya tatu ndo ya chini mpaka ya kwanza ndo fundi haswa, kwaiyo ukisikia mzee anasema yeye ni gredi wani mheshimu. Sifa za kujiunga usisikilize za vijiweni, nenda kituoni au soma tangazo lao, nafasi za mafunzo ya muda mrefu zinatangazwa mwishoni mwishoni mwa mwaka na masomo yanaanza Januari, ukichelewa unasubiri mwaka mzima, nimeona vijana wengi wanapoteza mwaka hivyohivyo. Kuna na kozi fupi za jioni ambazo zinamfaa sana ambae tayari yuko kazini.

Nje ya VETA kuna vyuo vya Don Bosco, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kuna vya dini na binafsi vingi. Ada ya serikali huwa nafuu kuliko binafsi. Ukienda binafsi swali la kwanza ni je mmesajiliwa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, namba yenu ya usajili iko wapi, na la pili omba uoneshwe karakana. Usione aibu, ni hela ya mzazi wako hiyo. Ukikuta karakana ina injini mbili kutu za mwaka 80 na wanafunzi 60, hapo utasoma kwa ubao tu. Ukikuta kuna gari linalowaka, kuna mashine ya kupimia, na vijana wana grisi mikononi, hapo pazuri.

Kama ulifaulu masomo ya sayansi form four, fikiria pia kwenda diploma, NIT chuo cha usafirishaji pale Mabibo, Arusha Technical, DIT taasisi ya teknolojia ya Dar, hizo zinakuandaa uwe technishani mwenye kusimamia karakana, makampuni ya malori na mabasi na migodi wanawapenda hao. Ila hata ukiwa na diploma lazima mikono ichafuke, asikudanganye mtu. Kwa ndugu zetu wa Kenya mfumo wenu ni tofauti kidogo, mna mitihani ya NITA, mamlaka yenu ya mafunzo ya viwandani, ya gredi ya tatu mpaka ya kwanza, fundi wa jua kali anaweza kwenda kufanya mtihani huo akapata cheti chake.

Na wewe uliyeko gereji miaka mitano bila cheti, hii ni yako, soma polepole. VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi mtaani na kumpa cheti bila kumrudisha darasani miaka miwili, wanaita urasimishaji wa ujuzi, wengine wanaita RPL. Unajiandikisha, wanakuhoji, wanakupima kwa vitendo, wakiona kuna sehemu umepungua unapewa mafunzo ya kuziba hilo pengo, ukifaulu unapewa cheti. Serikali pia imekuwa ikilipia vijana kupitia programu ya kukuza ujuzi, na ipo ya uanagenzi ambayo unasoma huku unafanya kazi, kwaiyo kaa karibu na matangazo na kituo chako, ulizia hata kwa afisa maendeleo wa kata. Mimi nimepeleka vijana wanne kupimwa. Walichoshtukia wote wanne sio kazi, kazi walijua, walishtukia kuulizwa "kwa nini". Unakaza nati za tairi kwa mpangilio wa msalaba, safi, kwa nini msalaba? Kama umezoea kufanya tu utabaki unaangalia juu. Jibu ni kwamba ukikaza kwa kuzunguka upande mmoja rimu inakaa tenge, haikai bapa kwenye habu. Kwaiyo kabla hujaenda kupimwa chukua kazi kumi unazofanya kila siku, na kila hatua jiulize kwa nini.

Kuchagua gereji ya kujifunzia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, pengine kuliko chuo. Nenda kaa pale siku mbili tatu kama unasubiri mtu. Angalia wakifungua kitu bolti zinaenda wapi, zinawekwa kwenye sahani au kopo kwa mpangilio au zinatupwa chini kwenye mchanga? Angalia kuna magari mangapi yamekaa yamefunguliwa miezi hayaishi. Sikiliza fundi mkubwa anavyoongea na vijana, kuna wazee ni wakali lakini wanaeleza, huyo mvumilie, na kuna wengine wanakutuma supu na vocha mwaka mzima na wakifika sehemu ya utamu wa kazi wanakwambia nenda kaoshe sahani ya oili. Wa hivyo ondoka kwa heshima, mshukuru, usigombane nae, mji huu ni mdogo na mafundi wote tunajuana. Na hela usitegemee mwanzoni, mimi nilikuwa napewa ya kula na nauli basi, na siku mteja akifurahi nakumbukwa. Mzazi alijue hili mapema ili mtoto asije akakata tamaa mwezi wa tatu.

Ukienda fildi, yani mafunzo ya vitendo gereji, ukitokea chuo usikae kwenye benchi ukisubiri kupangiwa. Salimia wote, vaa ovaroli yako, fika kabla yao, fagia, panga spana. Spana boi anayejua kila spana iko wapi fundi hawezi kufanya kazi bila yeye, na fundi akikuzoea anaanza kukuambia siri za kazi bila hata wewe kuomba. Mzee wangu alikuwa akiniita "dogo leta kumi na mbili" nikiwa nimeshaishika mkononi, kwa kuangalia tu bolti anayoikabili, na siku aliyogundua hilo ndo alinipa kufunga breki za mbele peke yangu, yeye kasimama pembeni.

Vifaa sasa. Usinunue sanduku kubwa la vipande 200 la bei chee, zile soketi zinapasuka na zinakula kona za bolti. Nunua kidogokidogo vya maana. Kwa Toyota ukiwa na 8, 10, 12, 14, 17 na 19 za ringi na za soketi umeshafanya sehemu kubwa ya kazi, ongeza 21 ya nati za tairi, na soketi ya plagi ya 16 kwa hizi 1NZ. Bisibisi nzuri mbili, plaizi, nyundo, tochi ya kichwani. Halafu kabla ya kitu kingine chochote nunua mita ya kupimia umeme, hata ya bei ya kawaida. Na ukipata hela nunua spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia. Mafundi wengi mtaani wanakaza kwa hisia, lakini Toyota wenyewe wameandika nati za tairi kwenye gari ndogo nyingi ni 103 Nm (Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukazia), bolti ya kumwagia oili kwenye 1NZ ni kama 37, ni tofauti kubwa hiyo, ukitumia nguvu ileile ya tairi kwenye bolti ya oili unachubua nyuzi za sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na mteja ananunua sampo.

Kuhusu bolti ya oili naomba nikae kidogo maana iliniuma. Nilikuwa na miezi kama minne gereji. Nikapewa sevisi ya Corolla ya mteja wa siku nyingi wa mzee. Nikamwaga oili, nikabadilisha filta, nikarudisha bolti kwa mkono tu nikisema ntaikaza na spana, mara nikaitwa nikasaidie kusukuma Hiace. Niliporudi nikamimina oili mpya, nikawasha, nikaona haivuji, nikakabidhi. Gari ikafika barabara ya Mandela bolti imeshajifungua kwa mtetemo, oili yote chini, dereva hakuona taa, injini ikanoki. Mzee alilipa injini. Hakunipiga wala hakunifukuza, alinikalisha chini ya mwembe akaniambia kuanzia leo aliyefungua ndo anayefunga, na ukiitwa katikati ya bolti sema "ngoja" hata kama anayekuita ni mimi. Toka siku hiyo kila bolti nikishaikaza napiga alama ya chaki au rangi nyeupe. Vijana wangu wote wanafanya hivyo, gari haitoki mpaka mtu wa pili ahesabu alama. Wewe anza na tabia hiyo siku ya kwanza.

Usalama hautaki maneno mengi ila usipousikia utakufa au utaua. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata dakika moja, hata kama unaangalia tu, weka stendi, na wala sio tofali maana tofali linapasuka ghafla bila kukuambia. Rejeta ya moto usifungue mfuniko, maji yana presha yanakurukia usoni, subiri ipoe. Petroli usiinyonye kwa mdomo na mpira, najua kila mtu anafanya, ikiingia kwenye mapafu ni hospitali, pampu za mkono zipo. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa mbele ya uso wako. Na oili chafu usioshee mikono kwa petroli kila jioni, ngozi inakauka inapasuka, tumia sabuni ya unga na mchanga laini kama huna ile maalumu.

Turudi kwenye kupima maana ndo roho ya andiko hili. Umeme ndo unawatisha wengi na ndo wenye kazi zinazolipa. Anza na betri, ni rahisi. Gari imelala usiku kucha, weka mita kwenye betri, ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 iko kama nusu. Washa gari, ikiwa inawaka inatakiwa isome kama 13.8 mpaka 14.5, hiyo ni altaneta inachaji, ikibaki 12 na kitu haichaji. Hivyo tu umeshajua kama shida ni betri au kuchaji na bado hujafungua kitu. Mzoea kubahatisha anasema altaneta mbovu twende tukanunue. Niliwahi kuletewa Noah imeshabadilishwa altaneta mara mbili na bado ikilala haiwaki vizuri, stata inazunguka kwa uvivu. Nikaweka waya mmoja wa mita kwenye bloku ya injini na mwingine kwenye hasi ya betri, nikamwambia dereva apige stata. Pale mita inatakiwa isome karibu sifuri, 0.2 au 0.3 hivi sio mbaya. Ikasoma zaidi ya volti 1. Maana yake athi, ile njia ya umeme kurudi, kati ya injini na betri ni mbovu, umeme unahangaika kurudi. Kuangalia chini, ule mkanda wa athi unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi umeoza, umebaki nyuzi chache za kijani. Tukaweka mwingine, tukakwangua rangi mahali pa bolti mpaka chuma kikang'aa, imekwisha. Hicho kipimo kinaitwa kupima upotevu wa volti, hakihitaji mashine ya laki tano, kinahitaji mita na akili kutulia. Kifanyie mazoezi kwenye gari zima kwanza ili ujue nzima inasomaje, maana usipojua nzima ikoje utaijuaje mbovu.

Na kiingereza jamani. Vitabu vya sevisi, michoro ya waya, maandishi ya mashine, vyote kiingereza. Huhitaji kuongea kama mzungu, unahitaji maneno kama mia mbili ya kazi, yaandike kwenye daftari na maana yake, soma kila siku matano. Kijana wangu mmoja aliishia darasa la saba lakini leo anasoma mchoro wa waya wa Crown kuliko mimi, alianza hivyohivyo.

Leseni ya udereva pia usiiache, daraja D angalau. Fundi asiyeweza kutoa gari barabarani kuijaribu hawezi kujua kama kazi imeisha, na ukigonga gari ya mteja bila leseni ni kesi yako.

Ukishakuwa na miaka miwili mitatu ya kazi ya jumla ndo anza kuchagua upande. Umeme na mashine za kupimia ni eneo ambalo mafundi wazuri bado wachache. Gia boksi za otomatiki zinataka mtu mtulivu, na hapo kitu cha kwanza ni kujua kwamba gia boksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na ya otomatiki ya kawaida hazitumii oili moja, watu wanaua gia boksi za watu kwa kumimina ya kawaida kwenye CVT. Dizeli, pampu na nozeli, na malori makubwa yanafaa ukiwa njia ya Dar kwenda Tunduma au karibu na bandari. Viyoyozi kwa Dar hii havikosi kazi. Kuna na mfumo wa gesi asilia, magari na bajaji zinafungwa mitungi, DIT wamekuwa wakifanya hiyo kazi na kufundisha, ila usijaribu kujifungia mwenyewe uani, gesi kwenye ule mtungi inafika bar 200 wakati tairi lako la gari lina bar 2 na kidogo, hesabu mwenyewe mtungi ukipasuka. Haibridi nazo zinaingia kwa wingi, Aqua na Prius, betri kubwa ya Aqua ni volti 144 na ya Prius nyingi ni zaidi ya 200, umeme wa moja kwa moja unaoua. Nyaya zake zina rangi ya machungwa ili ujue. Usiguse mpaka umefundishwa kuchomoa plagi ya usalama, umesubiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, umevaa glavu za umeme zilizopimwa na umepima ukahakikisha hakuna umeme.

Mabinti, nyie pia njooni. Nimefundisha binti mmoja umeme wa magari, mwanzo wateja walikuwa wanamuuliza fundi yuko wapi, sasa hivi wanakuja wanamuulizia yeye kwa jina. Nguvu ya mwili ni jeki na bomba refu la kuongezea spana, akili ndo haina mbadala. Unachotakiwa kukiangalia zaidi ni gereji yenye watu wenye heshima, na hilo mzazi akuangalizie.

Kwenye spea kuna mtihani wa roho. Ukitumwa Gerezani au Ilala kununua spea ya mteja, duka watakuuliza niandike ngapi, yani upige cha juu. Mimi siafiki na vijana wangu wanajua, tunaandika bei halisi na tunadai ufundi wetu waziwazi. Spea ya zamani mrudishie mteja kwenye mfuko aione. Mwambie kama uliyoweka ni orijino, ni ya kopi au ni yuzidi, achague mwenyewe kwa hela yake. Mama wa vitenge niliemtaja juu ameniletea magari sita mpaka sasa, ya ndugu na majirani, na kilichomleta ni koili moja.

La mwisho ni daftari. Nunua la kava ngumu maana la kawaida litaloa oili. Kila gari unayoshika andika, usingoje jioni utasahau. Mwaka ukiisha una magari mia mbili yameandikwa humo na hilo ndo utaenda nalo kwenye RPL, kwenye usaili, na siku gari ikikushinda unafungua unakuta ulishakutana na kama hiyo. Ukurasa wangu wa ile IST umeandikwa hivi:

"Jumanne. IST 1NZ, inamisi ikipata moto, foleni inatetemeka. Plagi mpya 4 zimewekwa kwingine, haikusaidia. P0303. Koili 3 nimehamishia 1. Dakika 20 barabarani. P0301. Koili 1 mpya. Plagi sijagusa. Alama za chaki 4, kahesabu Juma. Imetoka saa kumi jioni. Nimepiga simu Ijumaa, iko sawa."